Nukta ya Kicheko

Ukitaka kujua mapenzi yao yalianzia wapi, yalianzia kwenye kizimba cha saa mbovu katikati ya soko kuu la Bujumbura, saa nne asubuhi, watu wakisukumana na wenye mikokoteni wakipiga kelele wapishwe. Ilikuwa Septemba 1996. Vikwazo vya nchi jirani vilikuwa vimefunga mipaka, saa mpya haziingii, kwa hiyo kila mwenye saa iliyokufa alimpelekea Assia aifufue.

Assia alikuwa na miaka ishirini na minne. Kizimba alikirithi kwa marehemu baba yake Shaabani, fundi saa wa Buyenzi, pamoja na vidole virefu na ulimi usiolala. Siku ile alivaa gauni la kitenge la samawati lililomkaa vizuri kiunoni, mtandio mweupe kichwani, na kioo cha kukuzia kimekwama kwenye jicho la kulia. Wanaume wengi walimletea saa zinazotembea vizuri kabisa, wakidai zinachelewa. Aliwajua wote kwa harufu ya manukato.

Huyu wa leo hakunukia manukato. Alikuwa mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka linakata, na miwani yake imefungwa kwa waya upande mmoja. Alisimama akikodolea macho sanduku la saa zilizoshindikana.

"We, saa yako iko wapi?" Assia akamuuliza.

"Sina saa, dada. Nataka kununua zenye zimekufa."

"Zenye zimekufa?"

"Ndiyo. Lakini zikuwe zile za kulia. Zile zinafanyaka tii-tii-tii asubui."

Assia akatoa kioo jichoni. "Batu banakuja hapa nifufue, we unakuja kununua maiti? Uko muzima kweli?"

"Sitaki saa yenyewe. Nataka kile kisahani cha ndani, chenye kinalia. Chenye kinalia kinaweza kusikia pia. Nataka kikuwe sikio."

"Sikio ya nani?"

"Ya nyama," kijana akajibu, bila hata chembe ya mzaha.

Haya, mwanamke gani asingecheka? Assia alicheka mpaka muuza vitenge wa jirani akageuka. Kijana alingoja amalize, kisha akainama juu ya meza. "Sikiliza. Ukipiga nyama na mwangaza wa mufupi sana, mufupi hata jicho halina habari, ile nyama inapata moto kidogo. Kidogo sana, mwenyewe husikii. Ikipata moto inavimba, na ile kuvimba njo inatoa sauti. Damu inapiga kelele kuliko mafuta. Mi nikijua kelele imetoka wapi, naweza kuchora damu yenye iko ndani ya mutu, bila kisu."

"Bila kisu?"

"Bila kisu, bila sindano."

Assia hakucheka tena. Alimfungia saa sita kwenye gazeti akamwambia zikishamshinda azirudishe. Zilimshinda. Visahani vile ni vyembamba kuliko ukucha, naye alivivunja vinne kwa bisibisi. Alhamisi akarudi na miwani yake ya waya, na uso wa mtu aliyeangusha sahani za harusi.

"Leta hapa," Assia akasema. "Una mikono kama ya muchimba musingi." Kwa wembe na pumzi aliyoibana, alikitoa kisahani kizima. Kijana alikitazama, halafu akamtazama yeye, na hapo muuza vitenge akageuka mara ya pili.

Jina lake lilikuwa Callixte, mwalimu msaidizi wa fizikia kwenye chuo kikuu, mzaliwa wa Cibitoke. Nyumba yao ya Cibitoke ilipotea vitani mwaka mmoja kabla pamoja na waliokuwemo, na hilo hakulizungumza. Alilala stoo, nyuma ya maabara, kule mlimani Mutanga. Walimu wa kigeni walipokimbia vita waliacha leza moja ya zamani, ya mwanga mwekundu. Wenzake wengine nao wakaondoka mmoja mmoja. Callixte alibaki na leza, na nakala mbili za makala kutoka ng'ambo alizozisoma mpaka karatasi zikachanika kwenye mikunjo.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, Assia alipanda mlimani kuvibandika visahani kwa mkono wake. Alikuta chumba kirefu kinachonukia vumbi na waya ulioungua. Callixte akampa miwani myeusi ya mchomelea vyuma.

"Sasa nafanana na fundi wa garage," Assia akalalamika.

"Fundi muzuri kuliko wote wa garage. Leta mukono."

Akaulaza mkono wake wa kulia juu ya meza, akauwekea kifuko cha plastiki chenye maji, na juu ya kifuko akaegesha kisahani. Mashine ikafanya *tak*. Assia hakuhisi chochote. Kwenye kioo cha kijani pembeni, mstari uliruka juu sana, ukatulia, kisha ukaruka tena kidogo.

"Hii ya kwanza, yenye imeruka sana, ni damu?"

"Apana. Hiyo ni ngozi. Nyeusi inakunywaka mwangaza, kwa hiyo ngozi yetu njo inaanza kupiga kelele. Mu makala ya bazungu hawasemi, juu mikono yao ni myeupe. Mi nimejifunza kungoja. Ya kwanza naiacha iseme, ya nyuma njo nasikiliza."

Akatia nukta kwa penseli kwenye karatasi ya milimita, ile ya viraba vidogo. Mwanga mmoja, nukta moja. Halafu mashine ilipaswa kupoa dakika nzima kabla ya kupiga tena, na katika hizo dakika mojamoja ndimo walimopendana. Callixte alimweleza jinsi mama yake alivyopika maharage. Assia alimweleza baba yake alivyojua saa ya mtu kwa mlio akiwa amefumba macho. Kila hadithi ilikatwa na *tak* na kuendelea dakika iliyofuata. Mkono mmoja ulichukua Jumamosi tatu.

"Usicheke, Assia. Bado sekunde kumi."

"Sicheki. Lakini kweli, we unalalaka na hii mashini? Inakufunikaka blanketi?"

*Tak.* Mkono ulitikisika, na nukta ikaangukia nje kabisa ya mstari, karibu na kidole cha mwisho. Callixte akashika kifutio. Assia akamnyang'anya.

"Iache. Hiyo ni kicheko yangu."

Mchoro ulipokamilika, mishipa ya damu ya mkono wake ilisimama kwenye karatasi, imegawanyika kuelekea vidoleni, na ile nukta moja imekaa peke yake pembeni. Assia aliutazama muda mrefu. Alikuwa amewahi kusifiwa macho na kiuno, lakini hakuna mtu aliyewahi kumtazama hivi.

Baada ya hapo ikawa simu. Buyenzi nzima ilipigia simu kwenye duka la Yahaya, na Yahaya aliipenda kazi ya kuita watu kuliko kuuza sukari.

"Dada Assiaaa! Yule wa labo!"

Na Assia angekuja mbio, kandambili mkononi. "Allô? Nani?"

"Mi ni mutu wa kununua maiti."

"Zimeisha. Jaribu kwa jirani."

"Jirani hana mikono yako, chérie."

Yahaya angekohoa na kujifanya anapanga sabuni.

Jumapili moja ya mwezi wa tano, milio ya bunduki ya upande wa Gasenyi ikiwa imetulia tangu asubuhi, walikwenda ziwani Kibenga. Assia alivaa baibui jepesi na viatu vyekundu alivyoazima kwa binamu yake Khadidja. Walikula ndagala, dagaa wa ziwa lile, wa kukaanga kwenye gazeti. Assia alikuwa na neno tangu wiki tatu nyuma, na lilimzuia kumeza.

"Callixte, kuna kitu hapa." Aligusa nguo yake upande wa kushoto wa kifua, haraka, akaondoa mkono. "Kama punje ya haragi. Nilionyesha daktari. Anasema labda si kitu, lakini nirudi wanitoboe na sindano, batoe kipande baangalie."

Callixte aliacha kula. "Utarudi lini?"

"Naogopa sindano. Mashini yako haiwezi kuona?"

"Inaweza kujaribu. Uvimbe mubaya unaitaka damu nyingi, unajitengenezea mishipa. Ile inapiga kelele. Lakini daktari njo muzuri, Assia."

"Nitaenda kwa daktari ukiniambia kuko kitu. Ukiniambia hakuna, siendi. Mi naamini we." Kisha akainamisha kichwa, haya imemjaa. "Lakini siwezi kukuvulia nguo. Siyo hivi."

Callixte akajifuta mafuta ya ndagala kwenye leso, akatoa mfukoni kisahani kimoja alichokuwa amekifungia kamba ya uzi, akamvalisha kidoleni kama pete. "Basi tuoane. Siyo sababu ya mashini. Mashini imenipa tu bahati ya kusema leo."

Mama yake Assia, Bi Zubeda, aliweka sharti lake moja, na Callixte akaenda msikitini akatamka shahada mbele ya watu. Imamu akampa jina la Khalid. Buyenzi ikampongeza kwa jina la Khalid kwa muda wa siku moja, kisha ikarudi kumwita Callixte.

Wanawake wakamfungia Assia ndani siku saba kama inavyopasa. Walimsugua kwa singo, wakamtia hina viganjani, kisha somo yake, aliyemfunda mambo ya ndoa, akachukua brashi na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea ngozi. Alimchora maua meusi miguuni na mikononi. Siku ya mwisho aliwatoa wote chumbani, akamchora pale pasipoonwa na mtu ila mume: ua moja kubwa juu ya kila titi, petali zake nene, zimejaa, nyeusi tii.

"Hii ni yake peke yake," somo akasema. "Akiona hii atasahau njia ya kurudi kwao."

Na kweli, Callixte alisahau. Siku ya tisa ya ndoa walipanda mlimani, wakafunga mlango wa maabara, Assia akalala mezani, kifuko cha maji kifuani. Lile ua jeusi lilikuwa bado linang'aa. Callixte aliliona zuri, na alikuwa mume wa siku tisa. Mashine ikapiga *tak*, mstari ukaruka juu sana. Akaiacha ngozi iseme kama alivyozoea, akangoja ya nyuma. Nyuma hakukuwa na kitu. Alipiga nukta arobaini. Kote ilikuwa vilevile: kelele moja kubwa, kisha kimya.

"Kimya kabisa," akasema. "Assia, hakuna kitu. Hakuna mishipa mubaya. Kimya."

Walikumbatiana na miwani yao ya mchomelea, plastiki ikigongana, wakilia na kucheka. Assia hakurudi kwa daktari.

Miezi ikapita ndani ya chumba walichopanga uani kwa Bi Zubeda. Walikuwa na furaha, na lazima niseme hivyo, maana ni kweli. Callixte alishuka mlimani kila jioni kabla ya saa ya kufungwa barabara, na mkate mkononi. Umeme ukikatika alimsimulia vipande vya hadithi, dakika moja moja, na mwisho wa kila kipande alifanya *tak* kwa ulimi.

Machi 1998 Khadidja akaolewa, na Assia akapakwa piko mikononi pamoja na mashoga wa bibi harusi. Wiki ileile Callixte alitaka kuupiga ule mkono upya, ili aambatanishe michoro miwili kwenye makala ya kwanza aliyoiandika yeye mwenyewe. Assia akapanda naye Jumamosi, akavaa miwani, akaulaza mkono mezani kwa mazoea.

*Tak.* Mstari ukaruka juu sana. Kisha kimya.

Callixte akasogeza kisahani. *Tak.* Kimya. Akachukua mchoro wa zamani ukutani, akauweka kando ya mkono. Pale pale palipokuwa na mshipa mnene kuliko yote, kioo hakikuonyesha chochote. Alitazama mkono. Alitazama maua meusi yaliyofunika mgongo wake wote, toka kiwiko mpaka kucha.

"Nini?" Assia akauliza. "Mashini imekufa?"

Callixte akazima mashine. "Rudi nyumbani," akasema mwishowe. "Rudi tu, Assia. Nitakuja."

Hakuja jioni ile. Hakuja kesho yake. Siku ya tatu Assia akaenda dukani kwa Yahaya, akapiga simu maabara. Ikajibu sauti ya kike, laini, yenye lafudhi ya Kifaransa cha ofisini.

"We ni nani?" Assia akauliza.

"Joëlla, sekretari wa département. Monsieur Callixte hawezi kuja kwa simu sasa."

"Hawezi? Anafanya nini?"

"Mikono yake iko na kazi."

Assia aliweka simu taratibu, kwa sababu Yahaya alikuwa anatazama. Usiku ule hakulala, na asubuhi alijifunga kanga ya Bi Zubeda iliyo nene kuliko zote, akapanda mlima kwa miguu. Alisukuma mlango bila kubisha.

Callixte alikuwa amekaa kwenye kigoda, shati limekunjwa hadi begani. Mbele yake binti mwenye sketi ya kijivu na nywele za kusuka alikuwa amemshika mkono. Kwenye vidole vya binti kulikuwa na brashi, na mezani kibakuli cha piko.

Mwanamke wa Buyenzi anajua piko ni ya nini. Anajua nani anampaka nani, na kwa ajili ya nani.

"Ah," Assia akasema. "Kumbe njo hii kazi ya mikono. Na we binti, maliza, usiache ua nusu. Mpake vizuri, ni bwana harusi wako."

"Madame, apana, si vile," Joëlla akasema, brashi ikimtoka.

"Assia." Callixte alisimama. Hapo ndipo Assia alipoona kwamba lile halikuwa ua. Ilikuwa milia minne iliyonyooka, toka kiwiko hadi kifundo, mmoja umepakwa, mmoja haukupakwa, mmoja umepakwa, mmoja haukupakwa. Na macho ya mumewe yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka mazikoni.

"Joëlla, tuache kidogo," akasema. Binti akatoka, akafunga mlango polepole.

Callixte hakumshika. Alimwekea mbele karatasi mbili. "Hii ni mukono yangu bila piko. Ngozi inasema, damu inajibu. Hii ni penye piko. Angalia. Nimepiga mara mia. Rangi inakunywa mwangaza wote pale juu. Hakuna kinabaki cha kuteremuka ndani. Haifiki kwa damu, kwa hiyo damu haijibu."

Assia alitazama karatasi. Alikuwa fundi wa saa, haikumchukua muda. Mkono wake ulipanda wenyewe kifuani, upande wa kushoto.

"Ile siku," akasema.

"Ile siku ulikuwa na ua."

"Uliniambia kimya kabisa."

"Ile kimya haikuwa yako. Ilikuwa ya rangi. Na mi njo nilikuambia mwenyewe, siku ya kwanza, nyeusi inakunywaka mwangaza. Nilijua. Niliona ua, nikaona tu... nikakuona we. Siku tatu hizi sikuweza kukuangalia uso."

Assia akalala mezani bila kuambiwa. Kifuani ua lilikuwa limeshafutika zamani. Callixte alipiga nukta arobaini, dakika arobaini, na hakuna aliyezungumza ndani ya dakika hata moja. Kelele ilijibu kutoka kila pembe. Kwenye karatasi ya milimita mishipa ilijisokota kuzunguka kitu kikubwa kuliko yai la njiwa.

"Mwaka mzima karibu," Assia akasema, akifunga vifungo. "Mwaka mzima, Callixte." Akatoka, na hakutaka asindikizwe.

Hospitali walimfanyia upasuaji mwezi wa nne. Daktari alitoa titi, akakuta ugonjwa umeshaingia na kwapani, akasema kuna dawa ya matone ya kuingizwa mshipani lakini kwa sasa mjini haipatikani. Assia akahamia chumbani kwa mama yake. Callixte alikuja kila asubuhi, akakaa kizingitini, na kila asubuhi Bi Zubeda alimpa chai na kumwambia kwa huruma, "Mwanangu, bado hataki."

Basi akaanza kupiga simu. Saa kumi kamili alasiri, kwa Yahaya. Siku ya kwanza Assia alikuja kwa sababu Yahaya aliapa hatarudi dukani bila yeye. Akashika simu, hakusema neno. Upande wa pili nako kimya. Alisikia tu pumzi. Alitaka kukata, lakini mkono haukutii, na dakika ilipotimia akasikia: *tak*.

Hapo Callixte akakata simu.

Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Dakika moja ya kimya, *tak*, basi. Yahaya aliacha kupanga sabuni, akawa anatoka nje kabisa. Siku ya kumi na moja Assia akajikuta anasema kabla dakika haijaisha.

"Mi nilikuwa naisikia."

"Nini?"

"Ile haragi. Nilikuwa naisikia inakua. Mwezi wa pili ya ndoa yetu ilikuwa kama njugu. Mwezi wa tano nilianza kulala upande moja tu."

"Mbona hukusema, Assia?"

"Ulisema hakuna kitu. Ningesema nini? Niseme mashini ya bwana wangu imedanganya? We ulilala na njaa kwa ile mashini. Ulikuwa na ile mashini na mimi, basi. Sikutaka kukuvunjia kimoja." Machozi yalikuwa yanamwingia mdomoni. "Na tena nilifurahi kudanganywa. Kwa sababu ya sindano. Kwa hiyo usibebe yote peke yako, unasikia? Nipe sehemu yangu."

"Tak," Callixte akasema, lakini haikutoka vizuri.

"Rudi nyumbani," Assia akamwambia. "Leta mukate."

Alirudi. Aliacha makala, alifunika mashine kwa turubai, na brashi ya piko akiiona hata mikononi mwa mtoto wa jirani aligeuza uso. Alijifunza kumwogesha mkewe, kumsagia viazi, kumwinua bila kuumiza kovu. Assia alidhoofika, akabaki macho na ulimi. Kizimba cha soko kilifungwa. Ramadhani ikaingia, naye hakuweza kufunga.

Siku mbili kabla ya Idi, Januari 1999, alasiri, ua mzima ulinukia hina. Wasichana wamejipanga mikekani wakipakwa, vicheko vimejaa. Assia alikuwa amelazwa kivulini ukutani, amevaa gauni lile la samawati, ambalo sasa lilimzidi pande zote. Zilikuwa zimebaki wiki mbili za uhai wake, ingawa siku ile hakuna aliyeijua hesabu hiyo.

"Chéri," akasema. "Nataka piko."

Callixte akainuka. "Nitaita somo yako."

"Apana. We njo utanipaka."

"Assia, usiniombe hiyo. Omba kitu kingine chote."

"Sina kitu kingine." Aliutoa mkono wa kulia nje ya kanga, mwembamba, mwepesi. "Umeniogopa sasa miezi. Kila ukinishika unaona lile ua. Mi nakufa, Callixte, tuseme tu wazi. Sitaki nikuache na piko ya kukuogopesha maisha yako yote. Nenda ndani, utaona karatasi mu sanduku ya saa."

Akaenda. Alirudi na ule mchoro wa milimita, wa Jumamosi tatu za kwanza, mikunjo yake imeshageuka rangi. Akaketi mkekani, akamwekea mkewe mkono juu ya goti lake. Bi Zubeda akaleta kibakuli, akaondoka haraka, leso mdomoni.

Callixte alichovya brashi. Hakujua kuchora ua, kwa hiyo alichora alichokijua. Alianzia kifundoni, akaupitisha ule mshipa mnene mgongoni mwa mkono, mahali pake hasa, kisha akaugawa, mmoja kuelekea kidole cha kati, mmoja kuelekea cha pete. Alifuata karatasi milimita kwa milimita. Damu ya Assia iliyokuwa ndani ikatokea nje, nyeusi, nukta kwa nukta.

Alipofika mwisho alinyanyua brashi. Karatasini ilikuwa imebaki nukta moja tu, pembeni, karibu na kidole cha mwisho.

"Hii niiache? Hii haiko mushipa. Hii ni ile kosa."

"Iweke," Assia akasema. "Hiyo njo mi."

Akaiweka. Assia aliutazama mkono, akautazama uso wa mumewe uliotapakaa piko mpaka kwenye miwani ya waya, na midomo yake ikaanza kucheza. Rangi ilikuwa bado mbichi, na kutikisika kidogo tu kungeiharibu kazi yote. Callixte aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili, na safari hii hakumwambia asicheke.